Mfungo wa Ulimi

Mama Kasuku alikuwa anachuja chai simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni yake. Kila asubuhi aliichuja kwa namna ileile: chujio mkono wa kushoto, sufuria mkono wa kulia, kikombe cha bati cha mumewe kwanza, cha binti yake kikifuata, na chake mwisho, pamoja na majani yaliyoponyoka. Asubuhi hiyo mkono ulishtuka, chai ikatapakaa mezani, naye akabaki akiitazama simu kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sinia.

Simu yenyewe hakuiogopa. Kilichomtisha ni kwamba hapakuwa na wa kuijibu. Binti yake alikuwa bombani. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba, amebebwa na kinyozi jirani yao kupelekwa chooni, safari ambayo siku hizi ilikuwa na vituo vingi. Na yeye mwenyewe alikuwa amefunga ulimi.

Katika kikundi chao cha maombi, jambo likimshinda mtu hakufunga chakula. Alifunga ulimi, siku tatu, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, hasemi na yeyote, ili sauti ya Mungu isigombanie nafasi na sauti yake. Hii ilikuwa siku ya pili. Jambo lililomshinda lilikuwa nyonga ya mumewe. Fundi, kama mtaa ulivyomwita, alianguka akipiga plasta ghorofani, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuwa amesimama. Madaktari wa mifupa waliokuja hospitali kuu mara moja kwa mwaka walisema wanaweza kumpasua na kuuweka mfupa sawa, nafasi ikipatikana. Nusu ya moyo wa Mama Kasuku ilisema kisu. Nusu nyingine ilisema mlima, ambako kikundi kingepanda Jumamosi kwenda kukaa wiki nzima katika maombi. Akamwambia Mungu: nieleze wewe, waziwazi, nami nitafuata.

Simu haikunyamaza. Akaipokea.

"Hallo, hapo ni kwa Fundi? Napiga kutoka wodi ya mifupa." Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. "Mgonjwa mmoja kajitoa. Nafasi yake naweza kumpa mzee wako, ila nataka jibu sasa hivi, majina yanakwenda kwa daktari. Mnakuja kesho au hamji?"

Mama Kasuku aligonga simu kwa ukucha.

"Hallo? Naongea na mtu au na ukuta?"

Akakohoa.

"Nasikia mtu anakohoa. Mama, sema ndiyo au hapana, basi. Kuna watu wanailia nafasi hii."

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi likakaa hapo, la moto. Akajiuliza: siku mbili za kunyamaza, nizimwage kwa neno moja? Na kama huu ndio mtihani wenyewe? Akatoka mbio, simu sikioni, kandambili moja ikabaki kizingitini, akakata uchochoro kuelekea bombani. Alimkuta binti yake kwenye foleni ya ndoo akiwachekesha wenzake. Alipomwekea simu mkononi, ilikuwa imekwisha kukatika.

Binti huyo ndiye Kasuku. Jina hilo alipewa kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu jana alikuwa mdomo wa nyumba nzima. Mama yake alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na wateja walipokuja Kasuku aliwapokea: "Mama anasema kaptula iko tayari, ila hasemi."

Sasa alimtazama mama yake akigusa nyonga, akilaza kichwa juu ya viganja, akionyesha kesho kwa mkono.

"Nyonga. Kulala. Kesho." Macho yakamtoka. "Nafasi? Mama, nafasi imepatikana?"

Akapiga. Simu ya upande wa pili ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Ilipopokelewa hatimaye, wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameacha ndoo zao na kusikiliza.

"Tumeshampa mwingine, binti," ilisema ile sauti. "Mtu ananipumulia tu kwenye simu, nikajua hamtaki. Madaktari wanamaliza wiki hii. Labda mwakani."

*

Kinyozi alimrudisha Fundi chumbani akiwa amemkumbatia kiunoni.

"Mgonjwa gani wewe unazidi kuwa mzito?" alisema akihema. "Wanakulisha saruji humu?"

"Saruji ya zamani," Fundi alijibu, "imeshakauka." Akaketi kitandani, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu ya godoro kama mtu anayepanga tofali. Ndipo Kasuku alipomweleza yote kwa pumzi moja.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Hamna neno," alisema. "Mapenzi ya Mungu yatimizwe."

"Baba, haya si mapenzi ya Mungu. Mama hakuitika."

"Usimseme mama yako hivyo."

"Simsemi vibaya, nasema kilichotokea." Kasuku akamgeukia mama yake. "Neno moja tu, mama. 'Ndiyo.' Mungu angekukasirikia kwa 'ndiyo'?"

Mama Kasuku alijifunika mdomo kwa kiganja, kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye jua ambalo lilikuwa mbali sana na kuzama. Fundi aliutazama mkono ule kwa muda. Halafu akageukia ukutani polepole, mguu akiuvuta nyuma yake, na chai yake ikapoa ndani ya kikombe bila kuguswa.

Kikombe kile kilikuwa na kazi nyingine. Fundi akihitaji msaada alikigonga ukutani. Mwanamume aliyezoea kuwaita vibarua kutoka ghorofa ya nne mpaka wauza maji wa barabarani wakaitika, nyumbani kwake aliona haya kuita. Aligonga tu, ko, ko, akangoja.

*

Jua lilipozama alikuja Mama Kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi wa kupapasa mabega ya watu. Alikuwa mjane. Mumewe aliingia chumba cha upasuaji akiwatania wauguzi, akatoka amefunikwa shuka. Kwa hiyo habari za kisu hakuzizungumza kwa unafiki. Alizungumza kama mtu aliyeungua.

"Nieleze, mwanangu."

Mama Kasuku alieleza. Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Basi umejibiwa," alisema Mama Kiongozi. "Uliomba aseme waziwazi. Amefunga mlango. Ulitaka apige na tarumbeta?"

Kwa Mama Kasuku ilikuwa nafuu kubwa. Kama ni Mungu aliyefunga, basi si yeye.

Kwenye mlango wa chumba cha ndani, kinyozi alikuwa anamnyoa Fundi ndevu. "Samahani, mama zangu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi kanisani naishia mlangoni."

"Tunajua," alisema Mama Kiongozi.

"Lakini mteja akinipigia simu nisipopokea, siwezi kusema Mungu hataki anyolewe."

Kasuku alicheka, kisha akauma mdomo. Mama Kiongozi hakukasirika. "Mambo ya Mungu si nywele, baba."

"Kweli kabisa, mama. Nywele huota tena."

Alisema hivyo akipangusa wembe, na jicho lake halikuuelekea mguu wa Fundi hata kidogo.

"Na wewe, mzee wangu, unasemaje?" Mama Kiongozi aliuliza.

"Mimi niko mikononi mwa Mungu," alijibu Fundi, povu likiwa kidevuni. "Mama Kasuku aende tu mlimani. Nitakaa." Alilisema kwa sauti ya mtu anayempisha mgeni kiti chake cha pekee.

Mlangoni, wakiagana, Mama Kiongozi alimshika mwenzake mikono yote miwili. "Kesho umalizie siku yako ya tatu. Usiikatize. Neno huja mwishoni, watu wakishachoka kungoja."

*

Siku ya tatu nyumba ilikuwa tupu mapema. Kasuku alikwenda shule bila kuaga. Kinyozi alifungua kibanda chake, maana wateja wa asubuhi ndio mkate wake. Mama Kasuku alikaa kwenye kigoda mbele ya cherehani, sketi ya shule iliyoshonwa nusu ikiwa mapajani, macho ameyafumba. Niambie, Baba. Niko hapa.

Ko, ko.

Mwanzoni, Fundi alipotoka hospitali, sauti ile ilimrusha kitini. Baadaye Kasuku alijifunza kuiitika, kinyozi akajifunza, naye Mama Kasuku akapata nafasi ya kuhudhuria maombi jioni, kisha alfajiri, kisha na mchana. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kikombe kikilia, kulikuwa na mtu wa kwenda.

Kasuku ataenda, aliwaza. Akakumbuka kwamba Kasuku hayupo. Basi kinyozi.

Ko.

Moja tu, nyepesi, ya kuomba radhi. Aliyafumba macho kwa nguvu zaidi. Bado kidogo, Baba, nahisi neno liko karibu.

Kikombe hakikulia tena. Nyumba ikatulia, ikatulia kabisa, utulivu uleule aliokuwa anautafuta tangu juzi. Akaketi ndani yake akangoja, na badala ya amani ikamjia hofu. Akainuka, sketi ikaanguka sakafuni.

Fundi alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu. Suruali yake ilikuwa imelowa. Kikombe kilikuwa kimebingirika mpaka uvunguni. Alikuwa amejikokota kwa viwiko, na viwiko vilipokataa, hakuita. Shavu lake lilikuwa juu ya sakafu aliyoisawazisha mwenyewe mwaka ule walipohamia. Alipoona nyayo za mkewe zimesimama mlangoni, alijaribu kutabasamu.

"Rudi kwenye maombi yako," alisema. "Nitakaa hapa mpaka kinyozi aje. Sakafu ina ubaridi mzuri."

Baadaye wanawake wa kikundi walimwuliza Mama Kasuku kama alisikia sauti pale mlangoni. Aliwaambia ukweli: hakusikia sauti yoyote. Alimwona mumewe sakafuni akimwomba radhi, na akajiona mwenyewe amesimama juu yake, mdomo umefungwa kwa heshima ya Mungu, na heshima ile ikamtia aibu. Basi. Lakini alipiga magoti kando yake.

"Nisamehe," alisema.

Fundi alishtuka kuliko alivyoshtuka alipoanguka. "Mfungo wako."

"Umekwisha."

"Jua hata halijafika juu ya paa."

"Baba Kasuku, umekwisha."

Alimwinua kwa kumwegemeza kifuani, kidogo kidogo, mpaka akafika ukingoni mwa kitanda. Akaleta beseni na maji ya uvuguvugu na sabuni. Kwa muda mrefu kazi hii ilikuwa ya kinyozi, kiasi kwamba Mama Kasuku alikuwa hajaona jinsi paja la mguu ule lilivyokonda, likawa kama la mtoto, kando ya lile lingine. Aliliosha taratibu. Fundi alitazama dari wakati wote huo, kama mtu anayekagua ufa.

"Unataka nini?" Mama Kasuku alimwuliza akimkausha.

"Vipi?"

"Nimemwuliza Mungu anataka nini na mguu wako. Nimeuliza nikifunga, nimeuliza nikikesha. Wewe sijakuuliza hata siku moja."

"Mapenzi ya Mungu..."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza wewe."

Fundi aliyashusha macho kutoka darini. "Mama Kiongozi atasemaje?"

"Sijui."

Mama Kasuku hakumlazimisha. Alimvalisha suruali safi, akatoka nje, akasimama mbele ya kibanda cha kinyozi.

"Shemeji," aliita, na mtaa mzima ukasikia, "nitafutie gari. Tunakwenda hospitali."

Kinyozi alisimamisha wembe karibu na sikio la mteja. "Mama Kasuku! Sauti yako nilishaisahau. Nikadhani ni redio."

*

Muuguzi wa wodi ya mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya vidonda. Meza yake ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi pande zote mbili, na juu ya mabenchi watu walikuwa wamekaa na magongo yao, na bandeji zao, na masikio yao.

"Kwa Fundi?" Aliwatazama mmoja mmoja: mwanamume kwenye kiti cha magurudumu, kinyozi nyuma yake, mwanamke mbele. "Ninyi ndio mlionipumulia kwenye simu?"

Watu wa mabenchi wakainua vichwa.

"Ni mimi," alisema Mama Kasuku.

"Ulikuwa huna sauti?"

"Nilikuwa nayo."

"Ila?"

Uongo ulikuwa tayari, umeoga na kuvaa: mtandao ulikuwa mbaya, dada. Kila mtu angekubali. Mama Kasuku aliuangalia, akauacha.

"Nilikuwa nimefunga kusema. Nilikuwa nangoja Mungu aniambie kama tuje au tusije."

Mwanamke mmoja alicheka ndani ya mtandio wake. Mwanamume mwenye mkono uliofungwa plasta ngumu alitikisa kichwa. "Mungu kakupigia simu mwenyewe," alisema, "wewe ukamkoholea."

Ukumbi ukacheka. Hata kinyozi aligeuka kutazama dirisha, mabega yakimtetema. Mama Kasuku alisimama ndani ya kicheko kile kama mtu aliyekutwa na mvua mahali pasipo na paa. Hakujitetea, kwa sababu hakuona kosa katika maneno ya yule mtu. Aliyeumia ni Fundi. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Muuguzi hakucheka. "Nafasi ina mtu. Nilimwambia binti yenu."

"Najua. Tumekuja kukaa. Labda atakosekana mmoja."

"Mnaweza kukaa mpaka madaktari wanafunga mabegi yao."

"Tutakaa."

Muuguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile. "Wa akiba wapo wawili mbele yenu. Naweza kumweka awe wa tatu. Lakini mgonjwa asiyejua anachotaka simweki hata akiba. Juzi mmoja tumeshamvalisha, kitanda kinasukumwa, akashuka. Eti ni watoto wake waliotaka." Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Fundi. "Mzee, unataka kufanyiwa upasuaji?"

Fundi aliinua macho, si kwa muuguzi bali kwa mkewe, kama alivyofanya kila alipoulizwa jambo mbele za watu. "Mama Kasuku ndiye..."

Mama Kasuku alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa tayari kinywani, lote, na sauti ya kulibeba alikuwa nayo. Miaka yote alimjibia mumewe: kwa wachungaji, kwa wakwe, kwa Mungu. Akaimeza ile sauti. Alinyamaza, na safari hii alinyamaza ili asikie.

"Mimi niko mikononi mwa..." Fundi alianza.

"Nimekuuliza wewe, mzee."

Fundi aliiweka mikono juu ya magoti, ile mikono ambayo saruji ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja ikakataa kutoka.

"Naogopa," alisema.

"Sijasikia."

"Naogopa kisu." Alisema kwa nguvu zaidi, na sauti ya ghorofa ya nne ikachungulia ndani yake. "Mume wa Mama Kiongozi kaburi lake nililijenga mimi. Nililisakafia kwa mikono hii. Kila nikifumba macho naliona. Lakini nataka. Nataka kusimama. Nataka kwenda chooni mwenyewe, nifunge mlango."

"Eeh," alisema yule mwenye mkono wa plasta, polepole, bila mzaha.

Muuguzi alikwisha kushika kalamu, lakini Fundi alikuwa hajamaliza. Alishika gurudumu la kiti, akaligeuza mwenyewe, kwa shida, mpaka akamkabili mkewe.

"Na sitaki uende mlimani," alisema. "Nilikuwa nasema nenda, nenda. Nilikuwa sitaki. Nikifumbua macho, sitaki kumwona kinyozi. Nataka nikuone wewe."